Waturuki wa Stesheni Masta

Nikimkumbuka Stesheni Masta wetu naanza na ulimi wake. Alikuwa anapaka rangi askari wadogo wa risasi, yale madini mazito ya kijivu, urefu wao hauzidi kidole cha shahada, na kila alipotaka ncha ya brashi iwe kali aliiingiza mdomoni, akaivuta polepole kati ya midomo, akaitazama kwenye mwanga. Siku ya kofia ulimi ulikuwa mwekundu. Siku ya makoti ulikuwa wa buluu. Ukimwamkia, "Shikamoo, Masta," anageuka, anaitikia, "Marahaba, binti," na ndani ya ile marahaba unaona rangi imeganda kwenye meno. Kisha anachukua chai uliyomletea, anakunywa nusu, anakurudishia kikombe kina alama ya mdomo ukingoni. Kile kikombe nilikisugua kwa majivu mara mbili, na bado sikumpa mteja mwingine.

Mama yangu alikuwa na meza ya chai na maandazi pale stesheni, nami nilikuwa msichana mkubwa tu, nimemaliza shule, naisimamia pamoja naye. Baba alikuwa karani wa mizigo chini ya Masta. Stesheni yenyewe sitaitaja. Ni moja ya zile ndogo za upande wa Manyoni, treni inasimama, abiria wananunua asali na kuku kupitia madirishani, inaondoka. Masta alitokea wapi na wazazi wake walikuwa kina nani sijui, wala sina haja ya kujua. Ninachokijua ni kwamba baba yangu aliitwa mwizi kwa miaka kumi na minne, na kwamba mtu mmoja tu angeweza kulifuta neno hilo, naye alikuwa kakaa ofisini analamba brashi.

Kwa nini Waturuki? Kila mgeni aliuliza, na yeye alipenda sana kuulizwa. Zamani alipita fundi wa madaraja, Mzungu mzee, akamwachia kitabu kikubwa chenye picha za rangi za majeshi ya karne ya kumi na tisa, pamoja na askari sita wa risasi. Wote sita walikuwa Waturuki, wa vita vya Krimea na vya baadaye walipopigana tena na Warusi. Yule mzee angeacha Wafaransa, basi Masta angekuwa mtu wa Wafaransa. Lakini alijidai kwamba alichagua mwenyewe.

"Hawa walishindwa wakiwa na sare kamili," alikuwa anatuambia. "Siyo ninyi. Ninyi mnashindwa na ndala miguuni."

Alijifundisha kuwatengeneza wengine. Aliomba plasta ile ya kufungia mivunjiko, akawalaza wale sita ndani yake ikiwa bado laini, akapata kalibu za kumiminia. Risasi aliiyeyusha kwenye kopo la maziwa, juu ya jiko la mkaa, nyuma ya ofisi. Harufu yake ilikuwa inakaa kooni mpaka jioni, ukila ugali unaihisi. Takataka za juu alizikwangua kwa kijiko akazimwaga hapo hapo kwenye majani, na kuku wa mama walizidonoa. Walikufa saba kwa mwezi mmoja, shingo zimelegea. Mama alipokwenda kulalamika, kwa adabu zake zote, kapiga goti, Masta alimwambia kuku wafungiwe. Watu wanatoka Dodoma kuja kununua kuku wa kwetu, yeye anasema wafungiwe.

Rangi zake za mwanzo zilikuwa za reli, nyekundu na kijani za ishara, nzito, zinawafanya Waturuki wote waonekane wamevimba uso. Halafu ikaja ruksa, Serikali ikaachia biashara huru. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa ghafla, na Mama Salma, ambaye mumewe alikuwa na ndugu wenye maduka Singida mjini, akaanza kuuza rangi ya kucha. Masta aliiona siku ya kwanza tu ilipoingia. Chupa ndogo, brashi yake ndani ya kifuniko, nyekundu ya tarbushi yenyewe, ile kofia ya Waturuki wake.

"Masta, na leo nyekundu?" Mama Salma anamuuliza, duka limejaa watu.

"Mbili. Na ile ya zambarau, kama imeshafika."

"Mwambie shemeji atubakizie, na sisi tuna harusi Jumamosi."

Watu wanacheka, yeye hacheki. Anapokea chupa zake, anazifunga kwenye leso nyeupe, anaondoka wima. Na huyo shemeji anayetaniwa, mkewe, mwanamke mpole aliyekuwa akichota maji pamoja nasi, sikumwona hata siku moja na ukucha mmoja uliopakwa.

Wazee wa msikitini waliposikia kwamba Masta ana Waturuki nyumbani walifurahi. Walimtuma mtu kumwomba awalete siku ya Maulidi, watoto waone Waislamu wenzao waliokuwa na dola. Padri naye akaja kumuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama moyo wake umeanza kuhama. Wote wawili aliwapa jibu moja: "Mimi na wao hatuna habari za dini. Nawapenda kwa kofia." Kwa hili nilimheshimu kidogo, sitakataa, maana aliwanyima wote kwa usawa.

Kuna la pili la kumheshimu, na ndilo linaloniuma zaidi. Hakuchukua rushwa. Wafanyabiashara wapya wa ruksa walikuja na bahasha, na ndoo za asali, na mbuzi aliyefungwa miguu, ili mabehewa yao yafunguliwe kwanza. Aliwarudisha wote na vitu vyao. Sare yake nyeupe ilipigwa pasi kila siku, hata siku ambazo hakuna treni. Treni ikichelewa dakika nne aliandika nne, hakuandika tano wala tatu. Kwa hiyo mtu huyu akisema jambo, lilikuwa limesemwa. Polisi walimwamini, padri alimwamini, na baba yangu alimwamini kuliko wote.

Sasa sikiliza moyo wake ulivyokuwa. Alikuwa na hadithi ya mji mmoja, Plevna, ambako Waturuki walizingirwa na Warusi miezi mingi, wakaishiwa chakula, mwisho wakajisalimisha, wakatembezwa kwenye theluji wakifia njiani. Akiisimulia, machozi yanamtoka. Namaanisha machozi kweli, yanashuka yanachanganyika na rangi kidevuni, na yeye anayafuta kwa mgongo wa mkono uleule. Siku moja alikuwa katikati ya theluji hiyo wakaja kumwambia kwamba mtu wa pointi, yule wa kugeuza njia za treni, amebanwa vidole kati ya mabehewa, viwili vimekwenda.

"Yupi?" akauliza.

Kulikuwa na mtu wa pointi mmoja tu. Alikuwa amefanya kazi chini yake miaka tisa.

"Na treni imechelewa?" akauliza tena.

Nilikuwa nimesimama pale na sinia. Nilitamani kumwagia ile chai.

Risasi aliipata wapi ndilo jambo lenyewe. Behewa la mizigo likipakiwa hufungwa mlango kwa waya, na ule waya hubanwa kwa kipande cha risasi chenye alama ya stesheni iliyofunga. Tulikiita sili. Likifika, karani anaitazama sili kama ni nzima, anaandika kitabuni, anaikata mbele ya mwenye mali, kisha anaihifadhi kwenye bahasha miezi kadhaa, endapo kutatokea madai. Miezi ikiisha, zinatupwa. Masta alianza kwa kuchukua zile za kutupwa, na hapo sina neno. Kabla ya ruksa mabehewa yalikuwa machache, na jeshi lake halikufika askari ishirini. Ruksa ilipoingia yakaja mabehewa ya mitumba, ya sukari, ya vitenge, ya redio za kaseti, na sili zikawa nyingi, na yeye akashikwa na uroho. Alitaka kikosi kizima cha Plevna. Akaacha kungoja miezi iishe. Alikuwa anaingia ofisini kwa baba mchana, anafungua kabati, anachagua sili bahashani kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Baba alimwona, akanyamaza, kwa sababu mkubwa humkatazi kabati la ofisi yake.

Lilikuja behewa la redio za kaseti la mfanyabiashara mmoja. Baba aliitazama sili akaona imebanwa mara mbili, alama ya pili imekaa juu ya ile ya kwanza, tena si ya stesheni iliyopakia. Maana yake mlango ulifunguliwa njiani ukafungwa upya. Akamwita Masta amwonyeshe. Masta aliigeuza vidoleni, akaisogeza karibu na jicho, akasema, "Imefungwa, si imefungwa? Andika nzima." Baba akaandika nzima. Mlango ulipofunguliwa, makasha kumi na moja hayapo.

Wachunguzi walikuja, wakakaa ofisini na mafaili yao. Baba aliwaeleza habari ya alama mbili. Wakamwambia ailete hiyo sili. Akatoa bahasha, na bahasha ilikuwa tupu. Wakamgeukia Masta aliyekaa pembeni, sare nyeupe, mikono juu ya magoti.

"Sikumbuki kuonyeshwa," akasema. "Na bahasha anatunza karani."

Basi. Maneno sita, saba. Baba aliachishwa kazi, hakufungwa kwa sababu redio hazikuonekana kwetu, lakini jina alilotoka nalo lilikuwa Karani Redio. Alirudi kwenye uwele na alizeti. Akipita kilabuni vijana wanaanza kukoroma kama redio inayotafuta stesheni, halafu mmoja anasoma taarifa ya habari. Mdogo wangu alichumbiwa, na posa ikarudishwa. Mama aliondoa meza.

Nilimuuliza baba mara nyingi, kwa hasira ambayo binti hapaswi kuwa nayo mbele ya mzazi: kwa nini hukuwaambia kwamba Masta ndiye anayechukua sili?

"Alikuwa kakaa hapo hapo, mama," alinijibu. Baba alikuwa ananiita mama, maana nimerithi jina la mama yake. "Mkubwa humsemei mbele ya wageni. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe."

Aliendelea kumpa nafasi miaka kumi na minne. Akikutana naye gulioni anavua kofia, "Shikamoo, Masta," na yule anaitikia, na wanaulizana habari za mvua. Mimi nilikuwa nageuza uso, nisije nikatapika njiani.

Baba alipopata ugonjwa wa mapafu na daktari akatwambia tusimsumbue tena na safari za hospitali, alitaka kitu kimoja. Kwetu mtu akifa, kabla ya kuzikwa husomwa wasifu wake mbele ya watu wote: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliachaje. Baba aliogopa hapo penye "aliachaje." Nilimwahidi nitaandika kwamba hakuiba.

"Ukiandika wewe ni mwanangu," akasema. "Masta aseme."

Nikaenda Ikungi, ambako Masta alikuwa amejenga baada ya reli kupunguza watu. Ilikuwa siku ya mnada, barabara ya Dodoma imejaa mbuzi na vumbi. Nilimkuta barazani, shati jeupe, kazeeka vibaya. Mikono inatetemeka, viganja vimelegea kama vimekatika, na fizi zina mstari mweusi. Bado alikuwa analamba. Nyuma yake, kwenye kabati la vioo, Waturuki mia mbili na zaidi, kila mmoja na vifungo vyake. Na niseme kweli, maana sipendi kusema uongo hata juu yake: walikuwa wazuri. Kulikuwa na mmoja anamfunga mwenzake kitambaa mguuni, na uso wake ulikuwa na huruma ambayo sijui Masta aliiona wapi.

Nilimweleza hali ya baba. Nikamwambia sikuja kugombana, nataka aje aseme neno moja, kwamba alionyeshwa ile sili.

Aliiweka brashi chini. Kisha akainuka, akaleta kopo la pipi, akalifungua. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kipande cha risasi na waya wake.

"Ndiyo hii," akasema.

Sikuelewa mara moja. Miaka yote tulijua aliiyeyusha pamoja na nyingine.

"Ningeiyeyushaje?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Tazama. Alama mbili, moja juu ya nyingine, na zote zinasomeka. Sijaona nyingine kama hii kazini kwangu kote. Hiki ni kitu cha nadra, binti."

"Ulikuwa nayo siku ile? Wachunguzi walipokuja?"

"Mfukoni."

"Mfukoni!"

"Ningeitoa wangeniuliza nyingine ziko wapi. Nyingine ningetoa wapi?"

Kinyaa nilichokisikia sijawahi kukisikia kwa kitu chochote, hata kwa maiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyefanya uzembe, akaogopa, akadanganya. Watu wanadanganya. Lakini huyu alikaa na heshima ya baba yangu kwenye pamba, anaifungua anaitazama, anaifunika. Nikanyoosha mkono nichukue. Akafunika kopo.

"Nitaileta mwenyewe," akasema. "Nitaileta na nitasema. Mwambie Karani nakuja Jumapili, basi la asubuhi."

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu. Ningelipokonya lile kopo, asingekuwa na nguvu za kunizuia. Lakini nilimwamini, kwa sababu akisema Jumapili ni Jumapili, na kwa sababu hata mimi nilikuwa bado namwita Masta.

Baba alifariki Ijumaa. Tukapanga mazishi Jumapili, na Masta akafika na basi la asubuhi, kama alivyosema. Watu walimpisha wakampa kiti cha mbele. Nilisoma wasifu nikiwa nimesimama pembeni ya jeneza, nikafika kwenye kazi, nikasoma kwamba marehemu alikuwa karani wa mizigo, nikasimama hapo. Nikasema kama yupo mtu wa kazini kwake mwenye neno, asogee aliseme. Nilimpa nafasi, kama baba.

Masta akasimama. Akasema Karani alikuwa na mwandiko safi kuliko wote aliofanya nao kazi. Akasema hakuchelewa hata siku moja. Akaanza kulia, machozi yale yale ya Plevna, na wanawake wakalia naye. Akasema Karani alikuwa askari. Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua, akaweka juu ya jeneza mtu mdogo wa risasi, na kofia ya reli, na kalamu sikioni, na kitabu mkononi. Alikuwa baba yangu, hata namna alivyokuwa anainamisha bega. Watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Masta akaniinamia sikioni, midomo yake ikiwa karibu na shavu langu.

"Nimemtengeneza kwa ile yenyewe," akaninong'oneza. "Nimeiyeyusha kwa ajili yake."

Alirudi kwenye kiti akakaa, mikono juu ya magoti. Alikuwa amemaliza. Katika maneno yote yale hapakuwa na neno la sili, na sili yenyewe sasa haikuwepo tena duniani, na niliona usoni kwake kwamba anangoja nimshukuru.

Nilimchukua yule mtu wa risasi juu ya jeneza kwa vidole viwili. Nikatembea mpaka kwenye kiti cha mbele, nikamweka mapajani mwake, juu ya suruali nyeupe.

"Chukua mtu wako, mzee," nikasema. Sikumwita Masta. Shangazi yangu akanishika kanga, nikaiachia kanga mikononi mwake. Nikarudi penye jeneza, nikaikunja karatasi, kwa sababu yaliyobaki hayakuandikwa.

Nikasema baba hakuiba redio. Nikasema sili ilikuwa na alama mbili, alimwonyesha mzee huyu aliyekaa hapa, na mzee huyu aliiweka mfukoni wakati baba anaulizwa, na juzijuzi kule Ikungi kanionyesha kwa mkono wake, na sasa kaiyeyusha. Sauti ilikuwa inanikatika, na upepo ulikuwa mwingi.

Masta alitazama mapajani mwake. Kule nyuma, walikokaa wanaume wa kilabuni, mtu mmoja mzima akasimama na kuvua kofia. Nilimjua, ndiye aliyekuwa anasoma taarifa ya habari.

"Dada, samahani," akasema. "Huku nyuma hatujasikia vizuri."

Nikarudia.